Yadi ya pointi mbili: shajara ya mradi

Januari. Mpango

Mradi kwa ufupi: yadi ndogo ya treni za modeli, yaani mahali pa kupangia mabehewa, juu ya ubao wa sentimita 150 kwa 30. Pointi mbili (pale reli inapogawanyika na treni kubadili njia), njia tatu za pembeni, injini moja, mabehewa manane. Hakuna duara. Treni haitazunguka, itavuta, itasukuma, itaacha, itarudi kuchukua.

Ramani si yangu. Ni ya Mwingereza Alan Wright, aliyeiita Inglenook Sidings, na wapenzi wa treni ndogo wameinakili kila mahali kwa sababu inaenea hata juu ya rafu ya vitabu. Kanuni zake ni chache. Njia ndefu inabeba mabehewa matano, zile fupi mbili zinabeba matatu matatu, na kile kipande ambacho injini hujivutia ili kubadili njia kinatosha injini na mabehewa matatu tu, basi. Unaanza na matano kwenye njia ndefu na matatu kwenye mojawapo ya zile fupi. Kisha unaokota vikaratasi vitano kutoka kwenye kopo lenye vinane, na jinsi vilivyotoka ndivyo treni yako inavyotakiwa kupangika kwenye njia ndefu: hili la kwanza, lile la pili, hadi la tano.

Nilikaa na kalamu. Matano kati ya manane, kwa mpangilio, yanatoa treni 6,720 tofauti (8 × 7 × 6 × 5 × 4). Mtu akipanga moja kila jioni bila kukosa, ataendelea kwa zaidi ya miaka 18 kabla ya kuzimaliza. Yote hayo kwa pointi mbili.

Ukiuliza kwa nini watu wazima bado wanacheza na treni, jibu lililozoeleka ni kumbukumbu: mvuke, filimbi, utoto. Silikatai, ila halinitoshi. Vijana wanaoshinda wakiunda modeli za treni za umeme hawajawahi kunusa moshi wa makaa ya mawe, na baadhi yao hawajapanda treni ya kweli hata mara moja. Mimi nina dhana nyingine, na yadi hii nataka iipime: reli haina usukani. Gari la kuchezea unalipeleka utakako. Treni uliinyima hiari hiyo tangu ulipopigilia reli, kwa hiyo akili yote inahamia kwenye kupanga: nani aanze, nani asubiri wapi, njia ipi iachwe wazi. Duara linalificha jambo hili. Yadi inalianika.

Januari, mwishoni. Skeli

Nimechagua H0, yaani 1:87 (modeli ni ndogo mara 87 kuliko kitu halisi), reli za upana wa milimita 16.5. Skeli ya N (1:160, upana milimita 9) ingenipa karibu maradufu ya nafasi, na Z, ambayo kampuni ya Kijerumani ya Märklin iliitoa mwaka 1972 kwa 1:220, ingeingia ndani ya mkoba. Lakini yadi ni kazi ya vidole. Behewa la N ni jepesi mno kwa ninachokitaka, na Z ni ya watu wenye macho na subira ambavyo sioni haja ya kujifanya ninavyo.

Sababu nyingine ni umri wa kipimo chenyewe. Mwaka 1891, kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig, Märklin walileta treni za kuchezea pamoja na reli zake, upana wa reli ukiwa umepangwa kwa namba. Mnunuzi hakununua tena kitu kimoja kilichokwisha. Alinunua mwanzo wa mfumo. Baadaye angeongeza pointi, kisha stesheni, kisha treni ya pili ya kuisubiri ile ya kwanza. Nadhani wafanyabiashara wale waliuelewa ugonjwa wetu kabla sisi hatujaupata. H0 ilikuja katika miaka ya 1930 ikiwa nusu ya kipimo kikubwa zaidi kiitwacho 0, ndiyo maana ya lile H (nusu), na milimita zake 16.5 hazijaguswa tangu wakati huo. Injini ya miaka ya 1950, mradi iwe ya mfumo wa reli mbili (kila reli ikibeba upande wake wa umeme), inasimama sawasawa juu ya reli zilizotoka kiwandani mwaka huu. Ni vifaa vingapi vya umeme vya zamani zile ambavyo bado vinaelewana na vipuri vya leo?

Waingereza wana kioja chao hapa. Injini zao halisi ni nyembamba kuliko za bara la Ulaya, na mota za wakati ule hazikuingia ndani ya modeli za 1:87. Wakakuza mwili wa treni hadi takriban 1:76, kipimo kinachoitwa 00, lakini wakaacha reli zile zile za 16.5. Ukizidisha unapata njia ya milimita 1,257 hivi badala ya 1,435 ya kweli. Kwa miongo kadhaa sasa treni za 00 zinatembea juu ya reli nyembamba kuliko zinavyostahili, na wako watu ambao hawakuvumilia, wakajitenga na kujenga njia kwa mkono kwa upana wa milimita 18.83. Ninawaheshimu, kwa mbali.

Februari. Ubao

Plaiwudi ya milimita 9 juu, fremu ya mbao chini, gundi na skrubu. Pima maji ndiyo iliyofanya kazi kuliko msumeno, kwa sababu behewa lenye magurudumu mazuri huteremka lenyewe kwenye mteremko ambao jicho halioni. Chini ya reli nimelaza povu gumu jembamba la kupunguza kelele. Hakuna la ziada la kusimulia. Mstatili ni mstatili.

Februari, mwishoni. Reli na pointi

Reli za seti za kuanzia mara nyingi zina kimo cha milimita 2.54. Zikikuzwa mara 87 zinakuwa reli za sentimita 22, na hakuna shirika linalolaza chuma kirefu namna hiyo. Reli nzito za njia kuu za Ulaya zina takriban milimita 172. Nimetumia zile za kimo cha milimita 1.9, ambazo hutoa kama 166. Tofauti hiyo huioni mpaka uinamishe kichwa hadi usawa wa ubao, na ukishaiona huwezi tena kuiacha. Gharama yake ni kwamba injini za kale zenye magurudumu ya ukingo mnene hugonga vishikio vya reli na kutetemeka njia nzima, kwa hiyo zile zangu mbili kuukuu zimebaki kabatini.

Kuhusu kukosekana kwa duara, hesabu inanitetea. Mpindo mkali wa seti za kuanzia una nusukipenyo cha sentimita 36 hivi. Urudishe kwenye ukubwa halisi: mita 31. Njia kuu yenye mpindo wa mita 300 huhesabiwa kuwa kali tayari, na kwa H0 mpindo huo ungetaka nusukipenyo cha karibu mita tatu na nusu. Kila aliyejenga duara chumbani amekula sehemu ya jiografia. Yadi iliyonyooka haina deni hilo.

Sasa pointi, ambazo ndizo roho ya kila kitu na ndizo zilizokula mwezi. Tatizo lake la kale liko pale katikati, reli mbili za ndani zinapokatana. Kwenye mfumo wa reli mbili, moja ni chanya na nyingine ni hasi. Zikikutana chuma kwa chuma, shoti. Njia rahisi ya kulikwepa ni kuweka plastiki pale zinapokatana. Haihitaji waya wowote, na injini ndefu hupita juu yake bila habari. Injini fupi ya yadi yenye magurudumu manne hufika pale, hukosa umeme, hufa. Kwenye duara kasi ingeivusha. Kwenye yadi hakuna kasi ya kumvusha yeyote.

Njia ya pili ni kupaacha pawe chuma kitupu, kisha kukigeuzia umeme kila pointi inapogeuzwa. Hiyo ndiyo niliyoifuata. Waya mgumu unapita ndani ya kijibomba chini ya ubao, kutoka ukingo wa mbele hadi kwenye ulimi wa pointi (kipande cha reli kinachohama), na njiani umeshika swichi ndogo ya kuteleza, zile unazozifumua kutoka kwenye redio mbovu. Ukivuta kitasa, ulimi unahama na swichi inahama nao, na chuma cha katikati kinapokea umeme wa upande unaotakiwa. Mwendo mmoja, kazi mbili. Hakuna mota, hakuna koili, hakuna programu. Nilipanga mwanzoni kuweka mota ndogo za kugeuza pointi kwa kubonyeza kitufe, lakini baada ya kuvuta vitasa hivi wazo hilo limepoteza ladha. Kitasa kina uzito wake mkononi, na mlio wa swichi unakuambia njia imekubali.

Kuna upande wa kinidhamu pia ambao sikuupangia: ulimi ukisimama nusu, swichi nayo inasimama nusu, na injini haitapita. Yadi inakulazimisha umalize unachokianza.

Machi. Nyaya, na watu wa chini ya meza

Wapenzi wa treni ndogo wamegawanyika: wako wa juu ya meza na wa chini ya meza. Wa juu hupaka rangi, hupanda miti, hujenga stesheni. Wa chini hulala chali na testa mdomoni. Mgawanyiko huu ni wa zamani. Tech Model Railroad Club, klabu ya wanafunzi wa chuo cha MIT nchini Marekani iliyoanzishwa 1946, ilikuwa na kundi lake la chini ya meza lililojulikana kama Signals and Power. Kundi hilo liliunganisha rilei (swichi zinazoendeshwa kwa umeme) za mitambo ya simu mpaka watu kadhaa wakaweza kuendesha treni kadhaa kwa pamoja kwenye reli zilezile. Kompyuta ambazo mwanafunzi angeweza kuzikaribia zilipoingia chuoni, watu wa namna hiyo ndio waliozivamia usiku, na mchezo wa Spacewar! wa 1962, mmoja wa michezo ya mwanzo kabisa ya kompyuta, ulitoka katika mikono ya wanaklabu na marafiki zao. Hainishangazi. Pointi ina hali mbili tu, kushoto au kulia. Mtu aliyelala chini ya mamia ya pointi akifuatilia nyaya zake amekwisha kujifunza kompyuta ni nini kabla hajaiona.

Yadi yangu ina injini moja, na injini moja haihitaji dijitali, yaani mfumo wa kuiamuru kila injini kivyake kwa ujumbe unaopita relini. Nimeiweka hata hivyo, kwa ajili ya mwendo wa polepole. Katika mfumo wa zamani volti za relini ndizo kasi: ukitaka treni itambae unapunguza umeme, na umeme mdogo ndio unaoshindwa kupenya uchafu wa reli. Mfumo wa dijitali, uitwao DCC, huacha reli na karibu volti 15 muda wote, zikigeuka chanya na hasi maelfu ya mara kwa sekunde, na urefu wa kila geuko ndio ujumbe. Nusu-geuko la maikrosekunde 58 husomwa kama 1. La 100 au zaidi husomwa kama 0. Dikoda ndani ya injini husoma mkururo huo, husikiliza anwani yake tu, kisha huipa mota kiasi chake. Kazi ya msingi ilifanywa na kampuni ya Kijerumani ya Lenz, na chama cha wapenzi wa treni ndogo cha Marekani, NMRA, kikaifanya kuwa kiwango katika miaka ya 1990. Ndiyo maana dikoda ya kiwanda kimoja hutii kidhibiti cha kiwanda kingine. Ni Leipzig ya 1891 tena, safari hii ikiwa ndani ya waya.

Hesabu ya mwendo: yadi halisi husogeza mabehewa kwa kilomita kama 10 kwa saa. Kwa 1:87 hiyo ni sentimita 3.2 kwa sekunde, yaani ubao mzima kwa sekunde 47 hivi. Nimefunga dikoda isizidi hapo hata kitasa cha kidhibiti kikizungushwa hadi mwisho. Kapasita ndogo (kihifadhi cha umeme) iliyolehemewa pembeni mwake huibeba injini juu ya vumbi pale umeme unapokatika kwa kufumba na kufumbua. Rafiki yangu mmoja wa chini ya meza ameiona injini ikitambaa akasema, "Hapo sasa inafanya kazi, haichezi."

Aprili. Mabehewa, uzito na sumaku

Mabehewa manane, yote ya ekseli mbili, kila moja na rangi yake ili vikaratasi vya kopo visomeke kwa jicho. Yaliletwa mepesi kupita kiasi. Pendekezo la NMRA kwa H0 ni gramu 28 za msingi, kisha gramu 14 kwa kila milimita 25.4 za urefu. Behewa langu la sentimita 10 linatakiwa kuwa na gramu 84 hivi. Nimegandisha nati za chuma ndani ya yaliyofunikwa, na chini ya mzigo wa yale ya wazi. Uzito hubadili kila kitu. Behewa jepesi likisukumwa kwenye pointi huinua gurudumu na kukaa kando ya reli. Behewa zito hukubali kusukumwa, na linapogonga mwenzake mlio wake unashuka.

Kwenye viungio ndipo hobi hii inapokuwa sayansi. Natumia vile vyenye kidole kinachofunguka, na chini ya kila kiungio kinaning'inia kipande cha waya wa chuma. Sumaku imefukiwa chini ya mataruma kwenye mdomo wa kila njia. Unasimamisha mabehewa mawili juu yake, unarudisha injini nyuma unywele ili kulegeza, nyaya mbili zinavutwa kila mmoja upande wake, vidole vinaachana. Uzuri wenyewe unafuata: unaweza kusukuma tena behewa lililoachwa hadi mwisho wa njia bila viungio kushikana upya, ukaliacha huko, ukaondoka. Mkono hauingii yadini. Kwa mchezo wa namna hii hilo si anasa, kwa sababu mkono ukishaingia mara moja, utaingia tena pale fumbo linapokaza.

Lakini sumaku haijui kuchagua. Ekseli za mabehewa yangu ni za chuma, na sumaku ikazipenda. Behewa lililoachwa sentimita chache kutoka kwenye sumaku lilianza kujongea lenyewe kuirudia, polepole, likajibandika kwa jirani yake na kuvuruga mpango wote. Dawa ni mbili, na nimetumia zote: ekseli za shaba nyeupe kwenye mabehewa yanayosumbua zaidi, na kwenye mengine kijiwaya laini kinachogusa ekseli kama breki, kiasi cha kuzuia kujongea bila kuzuia kuvutwa. Kupata kiasi hicho ndiko kulikochukua jioni nyingi. Kijiwaya kikibana mno, magurudumu huburuzika badala ya kuzunguka. Kikilegea, hakuna breki.

Mei. Mchezo

Yadi imefunguliwa rasmi. Mchezaji wa kwanza mbali na mimi ni mpwa wangu, ambaye yuko darasa la sita na hajawahi kuonyesha dalili yoyote ya kupenda treni. Nilimweleza kanuni, akazirudia kwa sauti, akauliza swali moja: "Mjomba, naruhusiwa kuinua?" Hapana. "Hata kidogo?" Hata kidogo. Akavuta kiti.

Ugumu wa yadi hii ni mwepesi kuuelezea: unachokihitaji daima kiko nyuma ya usichokihitaji. Behewa jekundu liko la tatu kwenye njia ndefu. Unavuta matatu, na kipande cha kujivutia kimejaa. Unaliacha jekundu kwenye njia fupi iliyo tupu. Safi. Lakini la pili unalolitaka limezikwa mwisho kabisa wa njia ndefu, na ukitaka kulifikia lazima uondoe yaliyo mbele yake, na mahali pekee palipobaki ni mbele ya lile jekundu ulilotoka kulihifadhi. Kila hifadhi ni kaburi la baadaye. Mpwa wangu alizungushwa hapo kwa muda, kisha akafanya jambo ambalo mimi hufika kwake kwa kuchelewa: akaliacha jekundu ling'ang'anie injini, akafanya kazi ya yadi nzima kwa nafasi mbili zilizobaki, jekundu likipelekwa huku na huku kama abiria aliyekataa kushuka. Hatua zikaongezeka, lakini hakuna kilichozikwa.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kile kipande cha kujivutia ni cha mabehewa matatu, wala si manne. Nilijaribu usiku ule kwa kukirefusha kwa kipande cha reli kisichofungwa. Kwa manne fumbo linalegea: karibu kila tatizo linatatuliwa kwa kuvuta zaidi. Kwa mawili linakuwa adhabu. Wright alikata kipande hicho mahali pale pale penye mvutano.

Mzee jirani yangu, mhasibu mstaafu, alikuja siku nyingine. Alitazama mchezo mzima akiwa amesimama, akanywa maji, akatoa hukumu. "Mwanangu, hii ni kazi ya karani wa ghala. Treni yenyewe iko wapi?" Kwake treni ni ile inayoondoka. Hutazama video za Miniatur Wunderland ya Hamburg, iliyofunguliwa mwaka 2001 na ambayo leo ina zaidi ya treni elfu moja za H0, ambako taa za ukumbi hufifia kila baada ya muda na madirisha ya miji midogo huwaka. Nilimwambia kwa adabu zote kwamba duara halifiki popote vilevile, linarudi tu. Hakukubali. "Linarudi, ndiyo. Ila katikati hapo linakuwa limekwenda."

Nimeifikiria kauli hiyo sana, kwa sababu dhana yangu ya Januari haikumwekea mzee nafasi. Yeye hapangi chochote. Halafu nikakumbuka jinsi anavyozitazama video hizo: treni ikiingia kwenye handaki, anainua kidole, na kukielekeza pale itakapotokea kabla haijatokea. Hakosei, bila shaka. Reli iko pale, itokee wapi pengine? Anachokifurahia ni kile kile kukosekana kwa usukani, ila kwa upande wa pili. Kwa mpwa wangu reli ni kizuizi cha kuchezea akili. Kwa mzee ni ahadi. Inawezekana naipindisha dhana ili imwingize na yeye, lakini kwa sasa sina nyingine inayowaketisha wawili hao mbele ya ubao mmoja.

Juni. Mandhari

Kokoto ni mawe yaliyosagwa, yakapangwa kwa brashi kavu kati ya mataruma, kisha gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji na tone la sabuni ya vyombo, iliyodondoshwa kwa bomba la sindano. Bila sabuni maji hukaa juu kama shanga na kubeba kokoto. Nyasi ni nyuzi fupi zinazosimamishwa kwa umeme tuli. Kutu ni chaki iliyosagwa. Kazi hizi zimeelezwa na watu wengi na mimi sina la kuziongezea, ila hili: pakeni rangi ubavu wa reli. Dakika chache za rangi ya udongo kwenye ule ubavu unaong'aa hufanya zaidi ya miti kumi.

Sikuweka maji wala moshi. Mkondo wa maji haujui skeli. Tone moja la maji ni tone lile lile, na kwenye 1:87 linakuwa ziwa linalotikisika. Moshi wa mashine ndogo hupanda kama mvuke wa chai. John Ahern, Mwingereza aliyejenga Madder Valley kuanzia miaka ya 1930 na kuwafundisha wenzake kwamba njia ya reli inahitaji nchi ya kupitia, alitumia zaidi kadi, plasta na rangi, na kazi yake ingali inatazamwa kwenye jumba la makumbusho la Pendon, Oxfordshire. Mchana wake ni mchana wa rangi tupu, na unaaminika. Nimefuata hapo. Nyuma ya yadi kuna ukuta wa matofali, ghala nusu lililobandikwa ukutani, nguzo za taa, basi. Mpwa wangu alitaka ng'ombe relini. Ng'ombe yupo, kando ya reli, amefungwa.

Julai. Ilipofika

Yanayofanya kazi: pointi zote mbili, sumaku zote, mabehewa saba. La nane, la buluu, bado huachia kiungio likivutwa kwa ghafla. Nadhani kimo cha kiungio kimepungua nusu milimita, na karatasi ngumu chini ya skrubu itatosha. Reli zinasafishwa kwa spiriti na kitambaa kabla ya kila mchezo, ingawa kwa kuwa treni hupita hapo kila siku hazichafuki kama nilivyohofia.

Kinachofuata ni kwa ajili ya mzee. Nitatengeneza ubao mwembamba wa kuchomekwa upande wa kushoto, reli moja tu, urefu wa treni ya mabehewa matano na injini, ili treni ikishapangwa iondoke kweli yadini, itoweke nyuma ya ukuta, na nyingine iingie. Hilo linanipa tatizo moja: ubao huo ukichomekwa, kile kipande cha kujivutia kinarefuka, na fumbo linaharibika kwa namna ile ile niliyoijaribu Mei. Nimemweleza mpwa wangu. Amependekeza kizuizi cha kuchomoa, kipini cha chuma kinachosimama katikati ya reli mahali pa mwisho wa zamani, na hakichomolewi mpaka behewa la tano liwe limekaa mahali pake na kikaratasi chake kimegeuzwa mezani. Ameandika kanuni hiyo kwa kalamu ya wino kwenye ukingo wa ubao, upande wangu, na upande wake akaacha wazi.